USHAURI: Leseni ninayo, lori la visimani nitalipataje?

Ndugu Mshauri,

Naishi Abilene, Texas. Mimi ni Mkongo wa Fizi, baba wa watoto watatu. Kabla ya vita kutufukuza niliendesha lori la mizigo kati ya Uvira na Bukavu. Baadaye tuliishi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, hadi tulipoletwa hapa. Sasa nina kadi ya kijani, na hivi karibuni nimepata leseni ya malori makubwa, CDL daraja A. Kwa sasa nafanya kazi ya usiku kiwandani.

Kuna ndugu tunayesali naye ambaye amekwenda Midland kuendesha boza kwenye visima vya mafuta. Kila akirudi anasimulia hela tu. Nami nimeomba kazi huko kwenye simu mpaka nimechoka. Wote wanajibu kwamba wanataka uzoefu wa miaka miwili, na ule wa Kongo wanasema hauhesabiki. Sasa kuna mtu amenipigia, anasema nikimtumia dola 600 nitaanza kazi Jumatatu. Mwingine anasema nisiwe mfanyakazi wa mtu, anipe lori lake kwa mkopo, atakata kila wiki mpaka liwe langu.

Mke wangu hataki hata kusikia. Anasema kule watu wanakufa. Naomba mnielekeze: niende au nisiende? Nikienda, nihamishe familia? Na hao watu wawili niwajibu nini?

Baba Neema, Abilene

Baba Neema,

Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: usitume hizo dola 600, na usitie saini karatasi ya lori la mkopo. Mengine yote tunaweza kuyazungumza kwa utulivu.

Kuhusu kwenda, jibu langu ni nenda. Kazi ipo, na mtu aliyepanda na kushuka barabara ya Kamanyola, kati ya Uvira na Bukavu, akiwa na mzigo mgongoni hatatishwa na vumbi la Midland. Ila nenda ukijua kwamba mwaka wa kwanza unatafuta mwalimu. Atakayekufundisha vizuri akakulipa kiasi ni bora kuliko atakayekuahidi mengi akakuachia funguo na kukuonyesha lango la yadi. Ukishika hilo, maswali yako mengine yanajibika.

Hao watu wawili

Mwajiri halali hauzi nafasi ya kazi. Kinyume chake, kampuni inayokutaka kweli ndiyo inayogharamia kipimo cha dawa za kulevya na siku za mafunzo. Anayekuomba hela kabla hujaona yadi yake anaishi kwa hela za wanaotafuta kazi kama wewe. Mwambie akupe namba ya DOT ya kampuni, ile inayoandikwa ubavuni mwa kila lori. Ukiwa nayo, ingia kwenye mtandao wa mamlaka ya shirikisho ya usalama wa malori, FMCSA. Humo utaona jina la kampuni, idadi ya magari yake, ajali zake na mara ngapi magari yake yamezuiwa barabarani kwa ubovu. Kuangalia ni bure. Akikataa kutoa namba, umeshapata jibu lako.

Huyu wa pili ana hatari zaidi kwa sababu maneno yake ni matamu. Kukodishiwa lori huku unalilipia polepole hadi liwe lako ni mpango uliowaumiza madereva wengi Marekani, kiasi kwamba Januari 2025 jopo lililoundwa na serikali kuuchunguza lilipendekeza upigwe marufuku. Angalia unavyofanya kazi. Lori ni la tajiri na mzigo anakupa tajiri huyohuyo, lakini tairi likipasuka ni lako, dizeli ni yako, bima inakatwa kwako, na wiki isiyo na mzigo deni linabaki palepale. Ukiacha kazi mwezi mmoja kabla ya kumaliza, lori linarudi kwake na hela zako zinabaki huko. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mwaka wako wa kwanza endesha lori la mwajiri, ulipwe kwa fomu ya W-2 kama mfanyakazi, kodi ikatwe na mwajiri. Atakayekulipa kwa fomu ya 1099 amekufanya mkandarasi. Ukiumia, fidia ya kazini huna, na kodi yote utajilipia mwenyewe.

Kazi ni nyingi, chagua mlango

Bonde la Permian linaanzia magharibi mwa Texas na kuingia kusini mashariki mwa New Mexico. Karibu nusu ya mafuta ghafi ya Marekani hutoka humo: mwaka 2024 yalikuwa zaidi ya mapipa milioni 6 kwa siku. Miji yake mikuu ni Midland na Odessa, na kutoka kwako Abilene ni kama maili 150 kwa barabara ya I-20 bila kukata kona.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dereva wa visimani mara nyingi habebi mafuta. Kisima kipya kinahitaji mchanga na maji mengi ya kusukuma chini ili kupasua mwamba. Kikishaanza kutoa, hutoa maji ya chumvi mengi kuliko mafuta yenyewe, na maji hayo hayawezi kumwagwa porini. Yanapelekwa kwenye visima maalumu na kusukumwa tena ardhini. Wengine wanabeba kemikali, wengine mabomba, wengine wanahamisha mtambo mzima wa kuchimbia kutoka kisima kimoja hadi kingine.

Kubeba mafuta ghafi ndiyo kazi inayosifiwa zaidi kwa malipo, lakini dereva wake ndiye anayepima ujazo na ubora wa mafuta kabla ya kuyapokea. Akikosea, kampuni inapoteza hela au inakataliwa mzigo, ndiyo maana wanachukua wazoefu. Kuhamisha mitambo kunataka mtu anayejua winchi na minyororo. Huko mgeni huanza kama utingo, na si aibu.

Milango iliyo wazi zaidi kwa mgeni ni maji na mchanga. Kwenye mchanga utasubiri sana foleni, na vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu, kwa hiyo barakoa ya kweli, ile inayobana uso, ivaliwe hata kama wenzako wanakucheka. Kwenye maji safari ni fupi na nyingi, unapakia na kushusha mara kadhaa kwa zamu, na mikono inazoea haraka. Mimi ningekushauri uanze na maji. Lakini usipange kuzeekea hapo, kwani kampuni kubwa zinazidi kutandaza mabomba ya kusafirishia maji, na kila bomba jipya linapunguza maboza barabarani. Ingia kwa maji, jifunze, kisha sogea kwenye mafuta ghafi.

Ili uione kazi yenyewe, hebu tufuate mzigo mmoja. Unafika kisimani usiku kwa njia nyeupe ya changarawe ya chokaa. Kabla ya kushuka unatazama kitambaa cha upepo kilichofungwa juu ya nguzo, kisha unaegesha upande ule upepo unakotokea, pua ya lori ikielekea njia ya kutokea. Unavaa helmeti, miwani, glavu na nguo zisizoshika moto, na kifuani kuna kipima gesi ambacho umekijaribu mwanzoni mwa zamu. Unaweka vigingi kwenye matairi. Unaunganisha waya wa kutoa umeme tuli kutoka lori hadi tangi. Ndipo unafunga mpira, unasoma kiwango cha tangi, unafungua koki na kuwasha pampu. Boza la kawaida linachukua kama mapipa 130, ambayo ni zaidi ya lita 20,000. Wakati linajaa husogei kwenda kukaa kwenye simu. Likijaa unafunga koki kwanza, mpira baadaye, unaandika tikiti: namba ya kisima, kiwango kabla, kiwango baada, saa. Tikiti isiyosomeka hailipwi.

Halafu unaondoka na tani 20 za maji zinazocheza nyuma yako. Wewe umezoea mzigo uliofungwa kamba. Maji hayafungwi. Ukifunga breki, gari linasimama kisha maji yanalisukuma mbele, na kwenye kona yanapanda upande mmoja na kutafuta kuliangusha. Hilo ndilo somo la kwanza ambalo mwalimu mzuri atakufundisha, na hakuna video inayoweza kulifundisha.

Karatasi zako ziwe hivi

CDL ya daraja A peke yake haitoshi. Unahitaji kibali cha tangi, herufi N. Kinapatikana kwa mtihani wa maandishi tu, kwa hiyo kifanye wiki hii. Kibali cha mizigo ya hatari, herufi H, kinahitaji mafunzo kutoka kwa mtoaji aliyesajiliwa, mtihani, alama za vidole na uchunguzi wa TSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama wa usafiri. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuomba. Ukiwa na vyote viwili leseni itaandikwa X. Maji ya chumvi kwa kawaida yanahitaji N, mafuta ghafi yanahitaji X. Anza mchakato wa H mapema kwa sababu uchunguzi unachukua muda.

Sasa itoe leseni mfukoni uigeuze. Je, kuna herufi E? Kama mtihani uliufanyia kwenye gari la otomatiki, E inakukataza kuendesha gia za mkono, na malori mengi ya visimani bado yana gia za mkono. Kuiondoa ni kurudia mtihani wa barabarani kwenye gari la gia. Kwa mtu wa barabara ya Uvira hilo si tatizo, ni gharama ya siku moja tu.

Kiingereza usikichukulie kirahisi. Sheria ya kwamba dereva azungumze na kusoma Kiingereza cha kutosha ni ya zamani, lakini tangu tarehe 25 Juni 2025 askari wa ukaguzi anaweza kukusimamisha palepale usiendeshe tena ukishindwa. Mahojiano hayo hufanyika bila mkalimani na bila simu ya kutafsiri. Anachouliza kinajulikana: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeanza kazi saa ngapi, nionyeshe kumbukumbu ya saa zako, kibao hiki cha barabarani kina maana gani. Mkalishe Neema mezani jioni awe askari, wewe uwe dereva, mrudie mpaka majibu yatoke bila kuwaza. Watoto wetu wanaipenda kazi hiyo, na hawana huruma.

Kuna pia mafunzo ya siku moja ya usalama visimani, maarufu kwa jina la SafeLand, pamoja na yale ya gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo huko wote huiita H2S. Bila kadi hizo malango mengi hayafunguki. Kampuni nyingine zitakulipia, lakini ukienda nazo tayari mkononi umewaonyesha kwamba hujaja kujaribu bahati.

Bangi hata iwe halali jimbo gani, kwa dereva wa CDL ni marufuku, na ukishindwa kipimo jina lako linaingia kwenye rejista ya shirikisho ambayo kila mwajiri lazima aifungue. Baadhi ya kampuni za mafuta hupima nywele, ambazo hukumbuka mambo ya miezi.

Wenzako wa kanisani ambao bado wana hadhi ya ukimbizi bila kadi ya kijani wasikimbilie kulipia shule. Septemba 2025 Texas ilisitisha kuwapa CDL wakimbizi na waliopewa hifadhi, na mambo hayo yamekuwa mahakamani na serikalini tangu wakati huo. Wapite kwanza ofisi ya DPS, inayotoa leseni Texas, waulize msimamo wa siku hiyo.

“Tunataka miaka miwili”

Hiyo miaka miwili mara nyingi si sauti ya meneja, ni ya kampuni ya bima. Kwenye simu jibu litakuwa hilohilo, kwa sababu anayepokea anasoma orodha. Kazi za visimani bado zinatolewa kwa uso. Chukua siku mbili za katikati ya wiki, endesha hadi Odessa, uanze alfajiri. Kati ya Midland na Odessa, kandokando ya I-20 na barabara ya zamani ya 80, kuna yadi moja baada ya nyingine. Ingia, salimia, omba kuonana na msimamizi wa malori. Vaa kikazi, buti zenye chuma vidoleni, usiende na suti. Beba leseni, kadi ya daktari, kadi ya Social Security, kadi ya kijani, kadi za mafunzo na ripoti yako ya udereva ya Texas.

Fomu ya maombi itakutaka uandike kazi zako za miaka mitatu, na kwa dereva wa CDL kazi za udereva hadi miaka kumi nyuma. Wengi wa kwetu huacha nafasi tupu, na nafasi tupu inasomeka kama gereza au uongo. Andika ukweli, mwaka kwa mwaka: kuanzia mwaka fulani hadi fulani, kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, sikuruhusiwa kuajiriwa. Kuhusu Uvira na Bukavu, bima haitauhesabu uzoefu ule, lakini msimamizi aliyewahi kuendesha mwenyewe ataelewa. Mwambie lori lilikuwa la aina gani, tani ngapi, gia ngapi, barabara ya namna gani. Usiongeze chumvi. Dakika kumi baadaye atakupeleka nyuma urudishe tela kinyumenyume.

Wakikataa, una njia tatu. Ya kwanza ni kampuni kubwa za huduma za visima, zinazoajiri waendesha mitambo wenye CDL na kuwafundisha zenyewe. Humo utaendesha kidogo na kufanya kazi ya mikono sana, lakini kila siku inahesabika. Ya pili ni kuingia yadi ya boza kama msaidizi, uoshe matangi, ubebe mipira, ujulikane jina. Ya tatu ni mwaka mmoja wa masafa na kampuni kubwa ya mizigo mikavu, ile inayopokea wapya, kisha urudi Odessa na mwaka safi usio na ajali. Njia ya tatu ni ndefu lakini ni ya uhakika zaidi.

Maswali utakayouliza wewe

Ukipata anayekutaka, usimwulize kwanza analipa kiasi gani. Mwulize: nikisubiri saa nne kwenye foleni ya kushusha maji, nani analipa? Wengine hulipa kwa saa, wengine kwa mzigo, wengine kwa asilimia. Anayelipa kwa mzigo pekee amekuhamishia hasara ya foleni. Mgeni alipwe kwa saa, maana bado ni mzito wa mikono. Na usidhani ovataimu ni lazima. Sheria ya shirikisho ya ovataimu haiwahusu madereva wengi wa magari mazito, kwa hiyo ahadi yoyote iwe kwenye karatasi.

Mwulize pia: nitakaa na mwalimu kwa muda gani kabla ya kuwa peke yangu? Akisema siku mbili, aga kwa heshima. Na tatu: nikiona kisima si salama nikakataa kupakia, mnafanya nini? Tazama uso wake kabla hajajibu.

Kuhusu hela, ukitaka kipimo cha kulinganisha, Mei 2024 mshahara wa katikati wa dereva wa lori zito nchini Marekani ulikuwa dola 57,440 kwa mwaka. Visimani watu wengi hupita hapo, lakini wanapita kwa saa. Mzigo wa ndani ya Texas unaruhusu kuendesha saa 12 katika kipindi cha saa 15 za kazi, baada ya kupumzika 8. Ukivuka kwenda New Mexico unafuata ya shirikisho: kuendesha 11, kipindi cha 14, mapumziko 10. Ndugu yako anayesimulia hela, mwulize na saa. Kisha gawanya.

Mkeo ana haki

Usimnyamazishe mama Neema, kwa sababu anachosema ni kweli. Kwa wafanyakazi wa visima vya mafuta Marekani, ajali za barabarani ni miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya vifo. Barabara ya 285, kutoka Pecos kwenda Carlsbad, New Mexico, watu wameibatiza Barabara ya Kifo. Inapita kando ya wilaya ya Loving, ambayo sensa ya 2020 ilikuta ina wakazi 64, lakini malori yanayopita eneo hilo ni msururu usiokatika. Muuaji mmojawapo hapo ni usingizi. Dispacha, yule anayegawa mizigo, akikupigia kukuongezea mzigo mmoja na macho yanafumba, neno lako ni hapana. Kupoteza kazi kwa sababu ya hapana hiyo ni hasara ndogo.

Hatari ya pili haionekani. Gesi ya H2S kwa kiasi kidogo inanuka kama yai viza. Ikizidi inaua pua kwanza, husikii harufu tena, ukadhani imekwisha. Kwa hiyo pua si kipimo. Kipima gesi kiwe kifuani, karibu na unakovutia pumzi, na kikilia unaondoka kukata upepo bila kuuliza. Ya tatu ni kifuniko cha juu ya tangi. Kati ya 2010 na 2014 wafanyakazi 9 walikufa Marekani wakipima au kuchukua sampuli kwenye matangi ya mafuta ghafi. Ukifungua kifuniko, mvuke ulioshindiliwa ndani unatoka kwa pamoja, unafukuza hewa, na mtu anaanguka pale juu akiwa peke yake. Mwulize mwajiri kama matangi yanapimwa bila kufunguliwa. Kama lazima kufungua, simama upande upepo unakotokea na usiwe peke yako.

Kisa kimoja mkisome wote wawili. Oktoba 2019, mjini Odessa, mfanyakazi wa kituo cha pampu aliitwa usiku kwenda kuangalia hitilafu. Hakuwa amevaa kipima gesi chake. Alipochelewa kurudi, mkewe aliwachukua watoto kwenye gari akaenda kumtafuta. Naye aliingia ndani ya gesi ileile. Watoto walinusurika garini, wazazi wote wawili walikufa. Kwa hiyo wekeni sheria ya nyumbani kabla ya siku ya kwanza ya kazi: baba akichelewa, mama anapiga simu kwa dispacha, kisha 911, na haendi kisimani. Bandikeni namba hizo kwenye friji pamoja na jina la kisima cha zamu ile.

Familia ibaki Abilene

Usiihamishe. Biashara ya mafuta inapanda na kushuka, na dereva ndiye wa kwanza kuitwa na wa kwanza kuachishwa. Mwaka 2014 pipa lilizidi dola 100, mwanzoni mwa 2016 likashuka chini ya 30. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mkataba wa mafuta ya Texas ilifungwa chini ya sifuri, hasi dola 37.63, na yadi zilizokuwa zinatafuta watu kwa mabango zikafunga malango. Kodi ya nyumba Midland nayo hupanda kila visima vinapochangamka. Watoto wana shule, una kanisa, una wazee wa kwenu Abilene. Kaa kwenye kambi ya wafanyakazi au ukodi chumba na mwenzako, chagua zamu ya wiki mbili kazini na wiki moja nyumbani, na I-20 itakurudisha. Siku ya kwanza ya likizo lala. Usiendeshe kurudi nyumbani ukitoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku.

Hela ya visimani iishi kama hela ya msimu. Nyumba iendeshwe kwa kiwango cha mshahara wa kiwandani, kinachozidi kiwekwe. Miezi sita ya matumizi ikishakaa benki, hapo ndipo dispacha mbaya hana nguvu juu yako tena, kwa sababu unaweza kurudisha funguo.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Wiki hii: mtihani wa N, angalia herufi E, anza maombi ya H. Mwezi huu: SafeLand na H2S, mazoezi ya Kiingereza kila jioni, na usiache kazi ya kiwandani. Kisha siku mbili Odessa, yadi kwa yadi. Ukipata mwalimu na malipo ya saa, kubali hata kama ndugu yako wa kanisani anapata zaidi. Usipopata, chukua mwaka wa mizigo mikavu.

Na huyo wa dola 600 usihangaike kumjibu. Akipiga tena, mwombe namba ya DOT.